Mihuri Mitano ya Birika la Mjane

Nililitambua kwa kishikio. Lilikuwa limelala ubavu ndani ya boksi la ndizi, kwenye gereji ya nyumba moja ya Pinetown, katikati ya sufuria za alumini na uma zisizofanana, na kijana aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu bibi yake alikuwa ameweka mizani ya jikoni juu ya meza, tayari kwa watu kama mimi. Ilikuwa Julai mwaka huu, asubuhi, na ile baridi ya Pinetown ambayo watu wa Durban huko chini hawaiamini mpaka waipandie wenyewe. Miaka ishirini na sita sasa nanunua na kuuza fedha kongwe ya Kiingereza: vijiko, sinia, vinara vya mishumaa, vikopo vya maziwa vyenye miguu mitatu. Nikifika kwenye gereji huwa naanza na vitu nisivyovitaka, naulizia bei ya kitanda, nasikitikia kabati, ndipo nafika kwenye boksi kama mtu aliyepotea njia. Siku ile nilisahau adabu hiyo yote. Nilikwenda moja kwa moja kwenye boksi la ndizi, kwa sababu kishikio cha mti mweusi kilikuwa kimefungwa kwa pini mbili, moja ya fedha na moja ya chuma cha kijivu, na ile ya kijivu ilikatwa kwenye sindano ya kufumia. Aliyeikata namjua. Sweta ambayo haikumalizika kwa sababu ya sindano ile nimeiona kwa macho yangu, ina mkono mmoja mpaka leo.

“Hilo halina alama, anti,” kijana aliniambia. “Nimeangalia chini, nimeangalia pembeni. Nakupa kwa uzito tu. Eight hundred rand.”

“Halina alama na bado unataka eight hundred? Lingekuwa na alama ungetaka gari?”

Alicheka. Kwa kawaida mtu akicheka ndipo naanza kazi. Siku ile nilipunguza mara moja tu, kwa heshima ya biashara, nikalipa, nikahesabu chenji mara mbili kama ninavyofanya hata nikinunua mkate, nikaliweka birika kwenye buti ya gari bila hata kulifunga gazeti, nikakaa nyuma ya usukani. Kitu anachokifanya kila mtu wa kazi hii akiokota chombo kisicho na muhuri, sikukifanya. Sikulipulizia pumzi. Nimevipulizia pumzi vijiko vya watu nisiowajua, mbele ya maiti hata, Mungu anisamehe. Lakini lile niliogopa, kwa sababu pumzi ingenijibu swali ambalo kwa miaka ishirini na sita nimeishi vizuri tu bila jibu lake.

Mwaka ninaousema ulianza Agosti na ukaisha Agosti, na nilikuwa na miaka ishirini na minne. Jinsi nilivyotoka Tanga mpaka Durban ni habari ya mipaka mitatu na nyayo zilizovimba, na sina hamu nayo. Nilikuwa nauza miwani ya jua na mikanda juu ya lami, karibu na maduka ya Overport, hatua chache kutoka kwenye robot, yaani taa za barabarani, kwa sababu gari likisimama kwenye taa nyekundu dereva hana pa kukimbilia. Nilipanga chumba cha uani kwa Bi Zuhura. Chumba kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na ukuta mmoja uliogusana na jiko la nyumba kubwa. Ukuta ule ndio ulionisomesha. Nilijua kinachopikwa kabla ya mpishi, na nilimjua mwenye nyumba kwa sauti kabla sijamzoea kwa sura. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Durban, Mwislamu wa wale ambao asili yao ni kule kwetu lakini kule kwetu hawajawahi kukanyaga. Kiswahili chake alikiokota kwa wapangaji, Wakongo kwanza, Watanzania baadaye, kwa hiyo sentensi moja ilikuwa na Lubumbashi mwanzoni na Tanga mwishoni. Mimi aliniita Tanga. Sijui kama jina langu alikuwa analijua.

Meza yake ya jikoni ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua ya manjano, na ilikuwa na nchi mbili. Upande wa jiko ni chakula: maharage ya bizari, roti zilizofunikwa, achari ya ndimu. Upande wa dirisha ni kazi: nyundo ndogo zenye vichwa vilivyong'aa kuliko vikombe, kijiwe laini chenye mpini cha kusugulia fedha, kopo la unga mwekundu wa kung'arishia, vipande vya ngozi. Miaka thelathini na moja alifanya kazi ya kung'arisha kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la vyombo vya fedha mjini. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa nyundo kwenye chumba hichohicho. Wateja wa mbele hawakuwahi kuwaona, na zama zile sheria ya ubaguzi ilitaka hivyo. Duka lilipofungwa, wateja wawili watatu walimtafuta mpaka nyumbani, na yeye akaendelea kuwang'arishia vijiko pembeni ya sufuria ya maharage. Kila niliporudi kutoka kwenye lami, nikisema “Shikamoo, Bi Zuhura,” aliitikia “Marahaba, Tanga, nawa mikono,” hata kama sikuwa na mpango wa kula.

Siku ya kwanza kuliona lile birika ilikuwa Jumapili ya Novemba, baada ya chakula. Mpangaji mwingine alikuwepo, Papa Kalala wa Lubumbashi, mtu mnene mwenye mikono myeusi ya mafuta ya mashine, aliyefanya kazi kwenye karakana moja, eneo la viwanda la Jacobs, ya kung'arisha rimu za taxi. Walikuwa wanabishana, yeye na Bi Zuhura, nani kati yao ni fundi. Papa Kalala alisema rimu zake dereva anajinyolea ndevu humo. Bi Zuhura aliingia chumbani, akarudi na mfuko wa flana, akatoa kitu kirefu cheusi-cheusi, chenye tumbo la chini na shingo nyembamba, kama tone la maji linalofikiria kudondoka. Kwetu ningeliita dele, lakini dele za kwetu ni za shaba na zinapiga kelele. Hili lilikuwa kimya. Hata kifuniko chake kilipofungwa kilifungwa kama jicho.

“Ingiza mkono ndani,” aliniambia. “Mshono iko?”

Niliingiza vidole mpaka shingoni. “Hakuna.”

“Hii ilikuwa bapa kama roti. Duara moja ya fedha, mezani. Wakapiga na nyundo, wakapiga, chuma ikakuwa ngumu, wakaitia moto, ikalainika, wakapiga tena. Siku nyingi. Mpaka ikasimama ikakuwa na shingo. Sasa wewe niambie, Papa Kalala, rimu yako inasimama?”

Papa Kalala alisema rimu haina haja ya kusimama, kazi yake ni kuzunguka. Lakini na yeye aliingiza mkono, na alipoutoa aliuangalia kidogo.

Mimi nilikuwa mtu wa bei. Nilikuwa naangalia kitu na kuona kilichopo chini yake: kilinunuliwa kiasi gani, kitauzwa kiasi gani, nani mjinga katikati. Siku ile nilikaa na chombo ambacho sikuweza kukipa bei kwa sababu akili yangu ilikwama kwenye ile duara bapa. Nani alikaa akatazama roti ya fedha akaona shingo ndani yake? Bi Zuhura alinishika kidole gumba akakipeleka pembeni ya kishikio. Vilikuwepo vijishimo vitano, vimejipanga. Alinisomesha kama anavyosomeshwa kipofu, na kumbe yeye mwenyewe alikuwa anakaribia huko. Cha kwanza simba anayetembea, maana yake fedha safi, siyo mpako. Cha pili kichwa cha chui chenye taji: London. Cha tatu herufi, na herufi ndiyo mwaka. Cha nne kichwa cha mfalme: kodi imelipwa. Hapo nilicheka, nikamwambia kumbe hata simba na chui wanahitaji risiti. Hakucheka.

“Ya tano ngoja polepole. Sikia umbo yake.”

Kilikuwa na pembe nne, lakini kimesimama kwa ncha moja, kama uru kwenye karata. Ndani yake herufi mbili.

“Wanaume walipiga jina yao kwenye pembe nne za kawaida,” alisema. “Hii ya kusimama kwa ncha ni ya mjane. Bwana akifa, mke anaenda kwa wakubwa wa mihuri, anasema karakana sasa ni yangu, andika mimi. Wengine hata kuandika hawajui, wanachora tu msalaba kwenye kitabu. Lakini chuma wanajua.” Alilirudisha birika kwenye flana. “Mimi na bwana yangu tulitengeneza vyombo mwaka thelathini na moja. Muhuri yetu haiko popote.”

Birika alilipata duka lilipofungwa. Mteja alilileta kishikio kimekatika, akahama nchi, hakurudi, na mwenye duka akamwambia lichukue. Kile chuma cha kijivu kwenye pini ndicho alichokuwa nacho mkononi siku alipolitengeneza, yaani sindano ya sweta ya mumewe aliyekuwa mgonjwa. Hakutaka kuliuza kamwe. Kilichombadilisha ni macho. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye yote mawili. Nilikuwa namsikia ukutani asubuhi, Papa Kalala akimuuliza, “Mama, macho iko namna gani leo?” na yeye akijibu, “Iko kama nimevaa pazia.” Hospitali ya serikali walimwandikisha wakamwambia angoje barua. Alingoja. Alianza kunitengea chai kwenye kikombe kimoja na sukari kwenye kingine, na mimi nikawa nahamisha bila kusema. Januari alikata ngozi ya kung'arishia akidhani ni kitambaa cha jikoni, na siku ile hakugusa upande wa dirisha tena.

Tulikwenda kliniki ya kulipia, tukaambiwa bei ya macho mawili. Nilimuuliza dada wa mapokezi kama kuna punguzo ukichukua yote mawili kwa pamoja. Akasema mama, hii siyo soko. Nikasema naona, sokoni wangetukaribisha viti. Tulipofika nje Bi Zuhura alisimama kwenye jua, ameshika mkono wangu, akasema, “Birika itatosha macho yote. Wewe ndiye unajua kusema na watu. Mimi nikiingia kwenye duka ya Mzungu ninakuwa tena mwanamke ya chumba ya nyuma. Nenda wewe.” Mtaa wa Musgrave kulikuwa na mzee muuza vyombo vya kale, mtu wa haki kwa kadiri ya watu wa kazi ile. Tulikubaliana niende Jumatatu.

Sasa nieleze nilichokifanya, na nieleze kwa urefu, kwa sababu wajinga wengi hufupisha hapa. Mimi nimekulia kwenye biashara ya lami. Kwenye lami kitu kisichong'aa hakina bei. Miwani nilikuwa naifuta kila robot inapobadilika rangi. Na lile birika lilikuwa limefubaa, lina weusi kwenye kona, weusi hasa palepale kwenye mihuri. Nikajiambia, Mzungu ataliona chafu, ataanza kunishusha, na mimi nitashukaje na macho ya mtu mkononi? Jumamosi nikalibeba kimyakimya mpaka Jacobs, kwa Papa Kalala, nikimwambia Bi Zuhura nakwenda kununua mikanda.

“Dada, hii iko mweusi sana,” Papa Kalala alisema, akaligeuza. “Donc, nipe minuti ine. Utaona meno yako.”

Mashine ilikuwa na gurudumu la kitambaa, linazunguka kiasi kwamba lilionekana limesimama. Alikuwa mtu mwema na alifanya kazi nzuri. Zilikuwa dakika nne, niliziangalia kwenye saa ya ukutani. Lilipotoka liliwaka mpaka wenzake wakaacha rimu zao wakaja kuona, na niliona meno yangu kweli, yote, yanacheka. Nililifunga kwenye plastiki nyeusi, nikapanda taxi, nikakaa upande wa jua, nikiwa nimelipakata. Sikwenda kulificha mpaka Jumatatu. Nilitaka sifa.

Bi Zuhura alikuwa anapika maharage. Nililiweka mikononi mwake, nikasema sikia lilivyo laini. Alitabasamu kwa ule ulaini, akalipapasa tumbo, akapanda shingoni, akashuka, kidole gumba kikaenda pembeni ya kishikio. Kikapita. Kikarudi. Kikapita tena polepole, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba chake mwenyewe.

“Wapi?” aliuliza.

“Nini, Bi Zuhura?”

“Simba yangu, wapi?”

Nilikwisha kujua kabla hajamaliza kusema. Nilimwambia Jacobs, nikamwambia mashine ya rimu, nikasema nilitaka ling'ae. Hakupiga kelele. Harufu ya maharage yanayoungua ilijaa jiko zima na hakuna aliyekwenda kuyageuza. Baadaye alizima moto kwa kupapasa, akakaa, akalisogeza birika kwangu.

“Pulizia,” alisema. “Pumzi ya tumboni, ya moto, siyo ya kuzima mshumaa. Muhuri ikipigwa, chuma inabanwa mpaka chini. Juu ikifutwa, chini inaweza kubaki. Pumzi ikikaa juu yake, inaonyesha. Bwana yangu aliona hivyo majina yaliyofutwa miaka mingi. Mimi sioni. Ona wewe.”

Nilipulizia. Nilipulizia mpaka kizunguzungu. Ilikuwa Februari, jasho linanitiririka, birika lilikuwa na joto la jua la njia nzima ya kutoka Jacobs, na juu ya fedha nilichokiona ni mdomo wangu mwenyewe, mkubwa, umejipinda kwenye tumbo la birika.

“Unaona?”

“Naona,” nilisema.

“Nini?”

“Simba.”

Alifumba macho ambayo hata yakiwa wazi hayakumsaidia. “Na ya uru?”

“Iko,” nilisema, na nakumbuka kwamba nilisema kwa Kiswahili chake, siyo changu.

“Zote ngapi?”

“Tano.”

Alivuta pumzi ndefu. Akasema basi. Akasema, kama ziko ndani, haijafa. Ipeleke, mtu atakayekuwa na akili ataziona. Akaenda kusugua sufuria. Mimi, mwanamke ninayehesabu chenji ya taxi mara mbili, niliyemhesabia vitunguu vyake mara mbili mbele ya muuza mboga, nilisema tano bila kuhesabu hata moja.

Mzee wa Musgrave alivaa sweta ya vifungo na alikuwa na lenzi ndogo aliyoibana jichoni bila kuishika. Alilizungusha birika, akaingiza mkono ndani kama sisi, akakaa nao humo muda, na niliuona uso wake ukibadilika kama ulivyobadilika wangu mwezi wa Novemba. Kisha akatafuta mihuri, akatoa lenzi jichoni, akaniangalia kama daktari.

“Nani amefanya hivi?”

“Mimi.”

“Bila mihuri ni fedha kwa uzito.”

“Mkono wako ulipokuwa ndani haukusema hivyo.”

Aliutazama ule mkono. Akasema anajua ni kazi ya London, anajua hata ya miaka gani, pengine anajua ya karakana gani. “Lakini ninachokijua siwezi kukiandika kwenye kikaratasi cha bei. Mteja wangu haingizi mkono. Mteja wangu anasoma.”

Nilimwambia zipo ndani, zinaonekana kwa pumzi. Nilimwambia nikiwa nimelishika birika kwa mikono miwili ili asijaribu. Alitabasamu kwa upole, nadhani alinielewa kuliko nilivyotaka, akasema, “Pumzi siwezi kuiuza.” Basi tukaanza kazi. Alianza na uzito. Nilikaa kwenye kiti chake saa nzima na zaidi. Nilimuuzia ile duara bapa, nilimuuzia shingo, nilimuuzia kifuniko kinachofungwa kama jicho, nilimuuzia hata pini ya sindano ya kufumia na sweta yake ya mkono mmoja. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya, kwa sababu kila nilichokisema kilikuwa kweli na bado nilijiona mwongo. Alipofika bei ya jicho moja, alikunja lenzi. Nilijua sauti ya mtu aliyefika ukutani. Nikachukua.

Nilirudi kliniki kwa dada yuleyule. “Jicho moja bei gani?” Nikasema safari hii siombi punguzo. Bi Zuhura alichagua la kulia, akisema ndilo la kuchungulia mihuri. Aprili walimfungua bandeji, mimi nimesimama mbele yake. Aliniangalia juu mpaka chini.

“Kumbe wewe mfupi hivi,” alisema. “Sauti ilinidanganya.”

Tangu siku ile hakunirudisha kwenye lami. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Alinipa ngozi na kopo la unga mwekundu, akanikalisha upande wa dirisha, akasema mtu asiyejua atafuta simba mwingine. Nilijifunza kusugua bila kugusa mihuri, kujua kwa kidole mahali jina la familia lilipofutwa na fedha ikawa nyembamba. Niliwajua wafua fedha waliokufa zamani kwa tabia zao: huyu mvivu wa pembe, huyu hakuwahi kumaliza chini ya mguu akijua hakuna atakayegeuza, huyu alipenda kazi yake hata mahali pasipoonekana. Nilikuwa nakaa na kijiko cha chai mkononi, mtu akila mezani upande wa pili, nikishindwa kuendelea kwa kustaajabu tu. Mwezi wa Mei alitaka kunionyesha kiraka kwenye kijiko cha mchuzi. Akaenda kwenye friji, akakitoa pembeni ya maziwa, baridi, akakipulizia, na mstari wa kiraka ukatokea kama mwiko umepita kwenye uji. “Kwanza friji,” alisema. “Chuma ya moto haishiki pumzi.” Akaniangalia kwa lile jicho moja jipya, akanywa chai yake. Mimi nilitazama maharage. Kwa hiyo hata uongo wangu sikuwa na hakika nao tena. Pengine zilikuwepo, pengine hazikuwepo. Nimekaa na pengine hiyo miaka ishirini na sita.

Kutoka Pinetown niliendesha moja kwa moja mpaka Overport. Bi Zuhura ana miaka themanini na minne. Jicho la kushoto barua ya serikali ilikuja kwa kuchelewa, na alisema limezoea kupumzika. Meza ni ileile, plastiki imebadilishwa mara tatu, maua sasa ni mekundu.

“Shikamoo, Bi Zuhura.”

“Marahaba, Tanga. Nawa mikono.”

Nilinawa. Nikaliweka birika mbele yake, bado na baridi ya buti. Hakuuliza ni nini. Kidole gumba kilikwenda kwanza kwenye pini ya kijivu, kikakaa hapo muda. Kisha akauliza nimetoa kiasi gani, nikamwambia, akasema nimepigwa.

“Pulizia,” alisema. “Mimi pumzi imebaki ya kupandia ngazi tu.”

Nilibaki nimesimama. Nilimwambia kabla sijapulizia kuna neno. Nilimwambia ile Februari sikuona kitu. Si simba, si uru, si kitu.

“Ninajua.”

“Unajua tangu lini?”

“Tangu siku ile. Wewe? Mtu wa kuhesabu vitunguu vyangu mara mbili? Ulisema tano mara moja, haraka haraka. Nikajua hujaona kitu.” Alivuta shali. “Na friji ilikuwa hapo nyuma yako.”

“Sasa kwa nini hukuniambia niliweke kwenye friji?”

Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ya maharage, na safari hii niliyageuza mwenyewe.

“Niliogopa utapulizia tena,” alisema, “halafu useme ukweli.”

Nikainama. Nilipulizia pumzi ya tumboni, ya moto, pembeni ya kishikio, na ukungu ukakaa juu ya fedha mweupe kama unga, na ndani ya ukungu vikatokea vivuli vimejipanga mstari. Simba alikuwa amebaki mgongo na mkia. Chui alikuwa taji tu. Lakini cha mwisho kilisimama kwa ncha yake, pembe zote nne, na herufi mbili za yule mwanamke ndani yake, kama amezipiga asubuhi ile. Bi Zuhura alikuwa ameleta uso karibu sana, jicho la kulia wazi kabisa, mdomo umeachama, kidole hewani kinahesabu bila kugusa. Ukungu ukaanza kuliwa kutoka pembeni. Ukaisha. Likabaki birika tupu linalong'aa, na nyuso zetu mbili.

“Tano,” alisema.

“Hesabu tena,” nilimwambia, nikavuta pumzi.